Wayahudi na uponyaji wa muujiza: kinachosahaulika shofari inapopulizwa

Katika mikutano ya maombezi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala siku hizi si ajabu kuona bendera ya Israeli jukwaani, kusikia shofari, baragumu ya Kiyahudi ya pembe, ikipulizwa juu ya vichwa vya wagonjwa, na kuuziwa chupa ya mafuta yenye maandishi ya Kiebrania. Anayehoji hujibiwa kwamba hivi ndivyo Wayahudi, taifa la agano, walivyoponywa tangu enzi za Musa. Wanaokejeli nao wana lao: Uyahudi ni dini ya sheria kavu, haina habari na miujiza. Wote wamekosea. Uyahudi umejaa visa vya uponyaji wa ajabu, na Myahudi mshika dini humwomba Mungu uponyaji mara tatu kila siku isiyo Sabato wala sikukuu. Ila kwa karne nyingi marabi waliuwekea muujiza masharti: usimwondoe tabibu, usiamue sheria, usitegemewe kabla haujatokea, na usiwe mtaji wa mtu. Anayechukua shofari akayaacha masharti hayo amechukua pembe ya kondoo tu.

Tuanze na hizo bidhaa, maana ndizo rahisi kuzimaliza. Mafuta ya upako yametajwa kwa vipimo katika Kutoka 30: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Mistari michache mbele Taurati inakataza yasimiminwe juu ya mwili wa mtu wa kawaida, na anayetengeneza mfano wake atakatiliwa mbali na watu wake. Yalikuwa ya makuhani na vyombo vya hema. Mafuta ya kawaida ya zeituni Wayahudi waliyatumia sana kwa wagonjwa, lakini kama dawa ya kuchua. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa mwanzoni mwa karne ya 3, inamruhusu mwenye maumivu ya kiuno ajipake hata siku ya Sabato, mradi yasiwe mafuta ya waridi, kwa kuwa hayo mtu wa kawaida hujipaka akiwa anajitibu tu.

Shofari hupulizwa siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi na katika mwezi wa Eluli unaoutangulia, kuwaamsha watu watubu. Ugonjwa ulipohusika, mbiu ilikuwa king'ora cha mji mzima, na haikupigwa ovyo. Mishna inatoa kipimo: mji wenye uwezo wa kutoa askari wa miguu 500 ukizika watu 3 katika siku 3 mfululizo, hiyo ni tauni, chini ya hapo si tauni. Talmudi, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna, inaongeza kwamba mji wa askari 1,500 unahitaji maiti 9 katika siku hizohizo 3. Wakifa wote siku moja, au vifo vikisambaa siku 4, kipimo hakijatimia. Mtu yeyote wa afya ya jamii atakitambua anachokiona hapo: vifo vikilinganishwa na idadi ya watu, ndani ya muda maalumu. Kipimo kikishafikiwa ndipo mji unafunga saumu na kupiga mbiu. Mgonjwa mmoja mwenye homa hakupulizwa pembe sikioni.

Biblia ya Kiebrania haikutenga sala na dawa. Hezekia alipougua ugonjwa wa kufa aligeukia ukutani, akalia, akaongezewa miaka 15. Na katika sura hiyohiyo, 2 Wafalme 20, nabii Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Musa alimwombea dada yake Miriamu kwa maneno matano tu ya Kiebrania, na bado Miriamu alifungiwa nje ya kambi siku 7. Elisha alipomtakasa Naamani ukoma alikataa zawadi zote. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia mgeni njiani, akajipatia talanta 2 za fedha na mavazi, akarudi na ukoma wa Naamani. Kisa chenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni cha nyoka wa shaba. Alitengenezwa na Musa mwenyewe kwa amri ya Mungu, akawa na historia ya kuponya, na hata hivyo Hezekia alimvunja vipandevipande kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kitabu kinamsifu mfalme kwa hilo. Mishna inauliza: je, nyoka huua au huhuisha? Jibu lake ni kwamba Waisraeli walipotazama juu na kuielekeza mioyo kwa Baba yao wa mbinguni waliponywa; wasipofanya hivyo waliangamia.

Swali gumu lilikuja baadaye. Kama Mungu amesema "Mimi ndimi BWANA nikuponyaye" (Kutoka 15:26), tabibu anaingilia kazi ya nani? Talmudi imehifadhi dua ya mtu anayekwenda kutolewa damu, tiba ya kawaida ya zama hizo. Dua inaomba jambo hilo liwe uponyaji, kisha inajitetea: kutibu si haki ya wanadamu, ila wamezoea tu. Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4, anaikataa sehemu hiyo ya pili. Mtu asiseme hivyo, kwa sababu chuo cha Rabi Ishmaeli kilifundisha kutokana na Kutoka 21:19, pale aliyemjeruhi mwenzake anapoagizwa kugharimia tiba yake, kwamba tabibu amepewa ruhusa ya kutibu. Ni hoja ya kisheria iliyochotwa kwenye sheria ya ugomvi na fidia, mbali kabisa na visa vya manabii. Nadhani ndiyo maana ikadumu: ruhusa ya daktari haikufungwa kwenye ukubwa au udogo wa imani ya mgonjwa.

Kufikia 1565, Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi cha Rabi Yosef Karo wa Safed, kilipochapwa Venice, ruhusa ilikuwa imeshakuwa wajibu. Kutibu ni amri, na ni sehemu ya kuokoa uhai. Anayejizuia anamwaga damu, hata kama mgonjwa ana tabibu mwingine, maana si kila mtu hujaliwa kupona kwa mkono wa kila tabibu. Asiyejua asijiingize, wala mtu asitibu palipo na bingwa anayemzidi. Hata malipo yana mpaka: tabibu analipwa usumbufu wake na muda alioupoteza, na elimu yake haiuzwi. (Talmudi nayo, isije ikaonekana inawapunja matabibu, inasema tabibu wa bure thamani yake ni bure.)

Kuokoa uhai kunaisogeza kando Sabato na karibu kila amri nyingine, hata hatari ikiwa ya shaka tu. Mfungo wa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, saa 25 bila chakula wala maji, ni mfano mzuri kwa kuwa una vipimo. Mgonjwa aliye hatarini haambiwi aombe nguvu. Akisema anahitaji kula, anasikilizwa hata daktari akipinga. Daktari akisema anahitaji kula, anasikilizwa daktari hata mgonjwa akikataa. Ikitosha, anakula kidogokidogo: chakula kisichofika mililita 30 hivi, anasubiri dakika 9 hivi, anarudia, maji nayo chini ya funda la kujaza shavu, kwa mpangilio huohuo. Isipotosha, anakula kama siku nyingine. Tatizo liko kwa wagonjwa wa kisukari au wa moyo wanaojiona wacha Mungu zaidi kwa kukataa hata kile kidogo. Sheria haiwahesabii hilo kuwa uchaji. Inawahesabu wamevunja amri.

Ukali unazidi inapofika kwenye maneno ya kuponya. Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi karne ya 2, anamweka miongoni mwa wasio na fungu katika ulimwengu ujao mtu anayenong'ona juu ya kidonda akisoma aya, na aya anayoitaja ni ileile ya "nikuponyaye". Musa bin Maimun (1138–1204), aliyekuwa tabibu wa wakuu wa Misri zama za Salahuddin, anafafanua: anayesoma aya juu ya jeraha, au anayemwekea mtoto gombo la Taurati ili alale, ameyageuza maneno ya Taurati kuwa dawa ya mwili ilhali ni dawa ya roho. Mtu mwenye afya anayesoma zaburi ili thawabu yake imkinge na balaa, huyo hana kosa. Shulchan Aruch inalegeza pale uhai ulipo hatarini. Msomaji wa pwani anayejua kombe, aya iliyoandikwa kwa zafarani ikaoshwa na kunywewa, ataona mara moja kwamba mjadala huu si wa Wayahudi peke yao.

Upande wa pili una hoja nzito, na haustahili kupitwa kwa haraka. Rabi Musa bin Nahman wa Girona, Hispania (1194–1270), ambaye naye alikuwa tabibu, aliandika katika ufafanuzi wake wa Walawi 26 kwamba zama za unabii wenye haki walipougua waliwaendea manabii, na akauliza matabibu wana kazi gani katika nyumba ya watendao mapenzi ya Mungu. Talmudi inamsimulia Hanina ben Dosa wa karne ya 1, ambaye Rabban Gamalieli, mwanawe alipougua, alimtumia wanafunzi wawili ili amwombee. Hanina alipanda ghorofani akaomba, akashuka, akawaambia waende, homa imemtoka. Waliandika saa hiyo. Walipofika waligundua ndiyo saa mtoto alipoomba maji ya kunywa. Israel ben Eliezer, maarufu kama Baal Shem Tov (alifariki 1760), chimbuko la Uhasidi, vuguvugu la uchaji la Wayahudi wa Ulaya Mashariki, alijulikana kwanza kama mtoa hirizi na mitishamba huko Podolia, Ukraine ya leo. Rabi Israel Abuhatzeira, Baba Sali, mzaliwa wa Morocco aliyefariki Netivot 1984, alikuwa akibariki chupa za maji, na kaburi lake hufurika watu kila mwaka siku ya kumbukumbu yake. Anayesema huo si Uyahudi wa kweli anachagua anachokipenda yeye. Wayahudi wengi wa asili ya Afrika Kaskazini na wa Kihasidi wameishi dini yao hivyo kwa vizazi.

Tazama hata hivyo visa hivyo vinakoishia. Bin Nahman huyohuyo, katika kitabu chake cha sheria za ugonjwa na maombolezo, anafundisha kwamba tabibu analazimika kutibu. Zama alizozisifia zilikwisha, na sheria haijengwi juu ya zama zilizokwisha. Hanina alipoulizwa kama ni nabii alikataa: si nabii wala mwana wa nabii, ila amepokea kwamba sala ikitiririka kinywani mwake imekubaliwa, na ikikwama imekataliwa. Maana yake ni kwamba kuna siku ilikwama, na kisa hakioni haya kulisema. Mara nyingine alimwombea mtoto wa mwalimu wake, Yohanan ben Zakkai, kichwa kikiwa katikati ya magoti, mtoto akapona. Mke wa mwalimu akauliza kama Hanina ni mkubwa kumzidi mumewe. Yohanan akajibu kwamba Hanina ni kama mtumishi mbele ya mfalme, yeye ni kama waziri mbele ya mfalme. Mtumishi huingia na kutoka chumbani kwa mfalme bila kubisha hodi. Sheria za nchi zinabaki mikononi mwa waziri.

Kauli hiyo inakwenda sambamba na kisa mashuhuri cha tanuri, ambamo Rabi Eliezer, akibishana na wenzake kuhusu usafi wa tanuri la udongo, anang'oa mti wa mkharubu na kuusogeza dhiraa 100 kwa neno, anageuza mkondo wa maji, kuta zinainama, na sauti ya mbinguni inamuunga mkono. Rabi Yoshua anasimama na kunukuu Kumbukumbu la Torati: neno hili si la mbinguni, yaani sheria haiamuliwi tena huko. Eliezer anashindwa kwa kura. Sura ya 13 ya kitabu hicho ilishakwenda mbali zaidi: nabii akitoa ishara nayo ikatimia, kisha akawaita watu kwa miungu mingine, asisikilizwe. Muujiza uliotokea kweli bado hauthibitishi mafundisho ya aliyeufanya. Hapa ndipo mahubiri ya uponyaji ya kwetu yanapoachana kabisa na Uyahudi, maana kwetu aliyepona jukwaani huwa ni hati ya kwamba mchungaji yuko sahihi katika mengine yote, kuanzia ndoa za waumini hadi pesa zao.

Hata hirizi zilipewa mtihani. Mtu hatoki na hirizi siku ya Sabato mpaka iwe imethibitika, na Talmudi inaeleza kuthibitika ni nini: iwe imeponya mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, iwe ya maandishi au ya mizizi. Mtihani wa watu watatu ni mdogo mno kwa macho ya leo. Hauna kundi la kulinganishia, na homa nyingi huondoka zenyewe. Lakini kwa zama zake ulidai ushahidi kabla ya matumizi. Ulichoshindwa kukidhibiti ni kilichomo ndani. Mwaka 1751 Rabi Jacob Emden wa Altona alidai kwamba hirizi ambazo Rabi Jonathan Eybeschütz, rabi mkuu wa Altona, Hamburg na Wandsbek, aliwapa wajawazito zilificha jina la Shabbetai Zevi, aliyejitangaza masihi karne iliyotangulia. Wajawazito walikuwa wakifa Hamburg, hirizi zikafunguliwa na kusomwa, na marabi wa Ulaya wakagawanyika kwa miaka. Anayevaa hirizi hawezi kuikagua. Anamtegemea aliyeiandika, na mtu huyo anaweza kuwa na ajenda yake.

Sala ya kuombea wagonjwa, kwa upande wake, imebanwa ili isigeuke kiini macho. Katika sala ya kila siku maneno ya Yeremia 17:14, "Uniponye, Ee BWANA, nami nitaponyeka", yamebadilishwa kuwa ya wingi, hata anayejiombea awe anawaombea wote. Jina la mgonjwa huweza kuingizwa hapo, pamoja na jina la mama yake. Taurati inaposomwa sinagogi kuna dua maalumu ya mgonjwa, inayoomba uponyaji wa nafsi na wa mwili, na kwa kawaida huambatana na ahadi ya sadaka. Siku ya Sabato huongezwa maneno kwamba leo si siku ya kulia, na uponyaji u karibu kuja. Halafu kuna mambo yasiyoombwa. Mishna inasema kuombea lililokwisha kutokea ni sala ya bure: anayeingia mjini akasikia mayowe asiombe yasiwe ya nyumbani kwake, kwa sababu nyumba inayolia inajulikana tayari. Kwa kipimo hicho, kuomba vijidudu visionekane katika damu iliyokwisha kuchukuliwa ni sala ya bure. Kuomba tiba ifanikiwe ni sala halali.

Kinachoombwa kwa mgonjwa hakitoshi bila kwenda kwake. Mwanafunzi mmoja wa Akiva aliugua, hakuna mwalimu aliyemtembelea. Akiva alipoingia, wakafagia na kunyunyizia sakafu maji, na mgonjwa akasema: umenihuisha. Talmudi inatoa hadi saa za kwenda. Usiende saa 3 za mwanzo za mchana, kwa sababu mgonjwa asubuhi huonekana ana nafuu, nawe utaacha kumwombea. Usiende saa 3 za mwisho, kwa sababu jioni huonekana amezidiwa, nawe utakata tamaa. Muuguzi yeyote anajua homa hupanda jioni.

Imebaki hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayohubiriwa zaidi: kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Mstari unaotumika ni 2 Nyakati 16:12, mfalme Asa aliugua miguu na "hakumtafuta BWANA, bali waganga". Kosa linalotajwa ni kutomtafuta Mungu. Sura nzima inamlaumu kwa tabia hiyohiyo katika siasa, alipomnunua mfalme wa Shamu badala ya kumtegemea Mungu, na hakuna aliyehitimisha kutoka hapo kwamba wafalme wasiwe na majeshi. Marabi waliokabili vifo halisi hawakuisoma kama wahubiri wetu. Kipindupindu kilipoingia Posen mwaka 1831, Rabi Akiva Eger alielekeza wasalio kwa wakati mmoja wasizidi watu 15. Mwaka 1848, Vilna ikiwa na kipindupindu, Rabi Israel Salanter alihimiza watu wale siku ya Yom Kippur, siku takatifu kuliko zote.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Semei Kakungulu, mwanzilishi wa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, alipitia kwanza kundi la Malaki Musajjakawa, lililokataa dawa na chanjo kwa hoja za Biblia, kabla ya kujitenga mwaka 1919. Kukataa dawa kulitoka kwa Bamalaki, wafuasi wa Malaki; katika sheria ya marabi kusingepata pa kushika. Leo jamii hiyo ina uhusiano na Kituo cha Afya cha Tobin, mjini Mbale, ambacho huwatibu pia majirani Waislamu na Wakristo.

Kwa hiyo anayeambiwa aache ARV, insulini au dawa za shinikizo la damu ili imani yake ionekane, asiambiwe kwamba hiyo ni njia ya Kiebrania. Talmudi inamkataza mtu kusimama mahali pa hatari akisema nitafanyiwa muujiza, kwa sababu mbili: huenda asifanyiwe, na akifanyiwa, muujiza huo unakatwa kwenye thawabu zake. Onyo hilo linawahusu Wayahudi wenyewe. Aprili 2021 watu 45 walikufa kwa kukanyagana Meron, kaskazini mwa Israeli, penye kaburi la Rabi Shimon bar Yochai linalohijiwa na umati, katika njia nyembamba yenye mteremko iliyojaa kupita kiasi, na baadaye tume ya serikali ikabaini uzembe wa wahusika.

Ushuhuda nao una utaratibu wake. Aliyepona husimama na kusema baraka ya shukrani mbele ya watu wasiopungua 10, kwa kawaida Taurati inaposomwa, naye hafanyi hivyo mpaka awe amepona kweli na anatembea. Kwa Wasefaradi, Wayahudi wa mapokeo ya Hispania na Afrika Kaskazini, inatosha kuwa ugonjwa ulimlaza kitandani. Waashkenazi wengi, wa mapokeo ya Ulaya ya kati na mashariki, wanataka uwe ulihatarisha uhai. Wasafiri wa bahari na jangwa na wafungwa walioachiwa husema baraka hiyohiyo, kwa maneno yaleyale. Haimtaji rabi wala daktari. Haisemi chochote kuhusu imani ya aliyepona, isipokuwa kwamba Mungu huwatendea mema hata wasiostahili.